Mizani ya Samaki na Kichwa cha Injini

Naikumbuka asubuhi moja pale Adungosi ambayo sijawahi kuisimulia yote, kwa sababu kila nikianza watu hucheka mahali nisipotaka wacheke. Wewe cheka tu, mwanangu, lakini soma hadi mwisho, maana jana uliniuliza jambo kwa simu na sikukujibu vizuri. Uliniambia umefungua injini ya gari lako hapo nyuma ya nyumba yako Malaba. Gaskiti mpya unayo, spana unazo, ila huna ile spana ya mafundi inayoonyesha boliti imekazwa kwa nguvu kiasi gani. Ukasema umenunua mizani ndogo ya kupimia mizigo, ile ya kushika mkononi, na kwamba umeona kwenye simu jinsi watu wanavyoifunga kwenye spana ya kawaida na kuivuta, badala ya spana hiyo. Ukauliza, "Mama, si itafaa?" Nikasema itafaa. Halafu ukaniambia Jumamosi unawapeleka watoto Khunyangu kuwaona wajomba, tukaagana.

Tangu hapo sijatulia. Itafaa, ndiyo. Lakini nilikujibu haraka kuliko ninavyojua.

Mimi si fundi. Shule niliachia darasa la saba, na kuandika huku kote nimejifunza mwenyewe, ndiyo maana nikikosea maneno utanisamehe. Ila kichwa cha injini nimewahi kukifunga kwa mikono hii, bila spana ya mafundi, na kwa mizani.

Wakati huo nilikuwa bado mgeni katika ule mji wa baba yako. Nilikuwa nimetoka Khunyangu juzijuzi, Kiteso changu kilikuwa cha kuomba chumvi tu. Baba yako alikuwa anaendesha lori la mizigo, Mombasa hadi Kampala, na nyumbani alikuwa ameacha pikapu kuukuu ambayo alinifundisha kuiendesha kwenye uwanja wa mpira. Kwa hiyo pikapu nilibeba mihogo na samaki. Watu walisimama kando ya barabara kumtazama mwanamke akiendesha. Wengine walisema gari itanishinda. Siwalaumu, kuna siku hata mimi niliona itanishinda.

Babu yako, yaani baba mkwe wangu, alikuwa ameendesha lori la pamba ujana wake wote, na zama hizo dereva ndiye alikuwa fundi wake mwenyewe. Injini aliijua kama mtu anavyojua zizi lake. Lakini nilipoolewa, mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka. Hata kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili.

Sasa, wewe umekulia mjini, pengine huoni uzito wa jambo hili: baba mkwe na mke wa mtoto wake hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, huyu akiingia yule hutafuta njia ya kutoka. Si chuki. Ni heshima, na kwetu Khunyangu ni hivyohivyo, kwa hiyo haikunishangaza. Lakini fikiria tulivyokuwa. Injini ni moja. Anayeijua hana mikono. Mwenye mikono haijui. Na desturi inasema hawa wawili hawawezi kuinamisha vichwa vyao chini ya boneti moja.

Pikapu iliharibika nikitoka sokoni. Mvuke ulitoka mbele, na nilipochomoa kijiti cha kupimia mafuta niliona mafuta yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Walinisukuma hadi nyumbani. Babu yako alikuja akasimama mbali, akasema nimletee kile kijiti. Sikumkabidhi mkononi. Nilikiweka juu ya gunia, nikarudi nyuma, ndipo akakichukua.

"Maji imeingia kwa mafuta," alisema. "Gaskiti ya kichwa imekufa."

Siku nyingine yoyote tungesubiri. Baba yako alikuwa mpakani Malaba, lori lake limekwama kwenye foleni ambayo haikuwa inasonga, na fundi tuliyemjua alikuwa amevuka kwenda msibani Tororo. Lakini bibi yako alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya Alupe kwa siku chache tu. Siku yake ilikuwa kesho kutwa. Asipofika, hakuna aliyejua watarudi lini. Alikuwa ameshaanza kumwaga uji nje ya kikombe. Kuku wakiingia jikoni alisikia miguu yao lakini hakuwaona, akawa anatupa kijiko mahali ambapo kuku hayupo.

Utauliza, si angebebwa kwa baiskeli? Boda zilikuwepo, baiskeli tu wakati huo, na nyonga yake haikumruhusu kuketi juu ya kile kiti cha nyuma. Kuhusu mkokoteni, alisema yeye si gunia la mahindi. Basi ilibaki pikapu.

Kesho yake asubuhi babu yako alitoka na kiti chake akakiweka chini ya ukuta wa ghala, mbali na gari kiasi cha urefu wa nyumba. Mkononi alikuwa na mrija wake wa kunywea pombe, ile mirija mirefu ya Wateso ambayo kila mzee ana wake na haushikwi na mtu mwingine. Nilidhani anangoja chungu. Kumbe ulikuwa wa kunionyeshea. Aliunyoosha hewani akasema, "Mama, anza na ile paipu ya juu. Si hiyo. Hiyo ingine."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Yeye ananyoosha mrija na kusema kwa sauti, mimi nafungua. Bibi yako alikuwa ameketi mlangoni, haoni kitu, anasikia kila kitu.

"Mnaitana kama watu walioachwa ng'ambo mbili za mto," alisema.

"Wewe nyamaza, tuko kwa kazi," babu yako akamjibu.

"Kazi gani na umekaa chini? Yule msichana ndiye yuko kwa kazi. Wewe uko kwa redio."

Hatukuwa na vifaa, kwa sababu sanduku la spana zuri baba yako alisafiri nalo. Tulikuwa na soketi chache za kufungulia boliti, nyundo, na vitu vya nyumbani. Boliti nilizozitoa babu yako alinifanya nizichomeke kwenye kipande cha mgomba kwa mpangilio uleule zilivyokaa kwenye injini, ili kila moja irudi mahali pake. Tulipotaka kujua kama kichwa kimepinda, niliondoa kioo cha dirisha la jikoni, nikakiweka juu ya ule uso wa chuma, nikajaribu kupitisha wembe chini yake. Haukupita. Gaskiti mpya baba yako alikuwa ameshainunua na kuitundika ukutani chumbani, nami kila siku nilidhani ni pambo la kidereva.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Kila kitu tulichokosa tulipata kingine badala yake, na mchana ulipofika nilijiona hodari. Huo ndio wakati mtu anapaswa kuangaliwa.

Ikabaki kukaza. Babu yako alieleza kwamba zile boliti zinabana kile kichwa chote juu ya gaskiti, na zisipolingana gesi itapita palipolegea, gaskiti itaungua tena. Ukizidisha, boliti inakatikia ndani, na hiyo si kazi ya nyumbani tena. Ndipo akasema lile ambalo wewe umeliona kwenye simu yako: ukichukua bomba lenye urefu wa mita moja ulivalishe kwenye spana, ukaivuta ncha yake kwa nguvu ya kilo saba, umepata ile nguvu ya kiwandani kwa injini ile. Usiichukue hiyo saba kwa gari lako, mwanangu. Yako ina hesabu yake.

"Kilo saba nitaijuaje, baba?" niliuliza.

"Wewe unauza samaki," alisema. "Unaniuliza mimi kilo?"

Nilicheka. Mizani yangu ilikuwa imeanguka na kuvunjika kulabu, kwa hiyo nilikwenda kwa Mama Amoit, jirani yetu, rafiki yangu wa kwanza katika mji ule. Alikuwa ananunua njugu kwa wakulima na kuuza samaki sokoni. Alinipa mizani yake ya springi, ile ya kuning'iniza, bila kuuliza mara mbili. Aliniambia tu, "Usiniletee na grisi."

Nikafunga kulabu kwenye ncha ya bomba. Nikaanza na boliti za katikati, nikitoka kuelekea pembeni kama nilivyoelekezwa, duru ya kwanza kwa nguvu ndogo, ya pili ikizidi. Duru ya mwisho nilirudi katikati, nikavuta. Mshale ukapita tano, ukapita sita. Boliti ikatoa mlio mdogo, kama panya ndani ya paa.

"Simama hapo," babu yako alisema. "Wacha mkono."

Niliacha. Alikuwa ameinuka kwenye kiti. Hakusogea, lakini alikuwa ameinuka.

"Hiyo mizani," alisema, "ni ya kununua ama ya kuuza?"

Sikuelewa. Bibi yako alielewa kabla yangu, akacheka mlangoni cheko fupi lisilo na furaha.

Kama hujakaa masoko ya mpakani, nikueleze. Kuna wafanyabiashara, si wote, wenye mizani mbili. Anayonunulia kwa mkulima husoma pungufu. Anayouzia husoma zaidi. Kila mtu amesikia habari hizo, na kila mtu hudhani ni za mtu wa soko lingine. Mimi nilikuwa nimetumia mizani siku zote za biashara yangu na sikuwahi kuiuliza mizani yoyote swali.

"Ni ya Mama Amoit, baba," nilisema. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyetukaniwa rafiki.

"Sijauliza ni ya nani."

Nikaitoa mizani kwenye bomba. Halafu akasema kwa upole zaidi, "Kosa ni yangu pia. Ningeuliza kabla hujavuta. Lakini wewe ndiye umeishika, mama. Kifaa ya kuazima unaikagua mbele ya kazi, si nyuma ya kazi. Na ukikosa kifaa kabisa, ukatumia kitu ingine, unaikagua mara mbili, kwa sababu haikutengenezwa kwa hiyo kazi. Hakuna mtu alikuahidi kitu."

Kuniambia hivyo mbele ya bibi yako kuliniuma. Nilikuwa nimefanya kazi tangu asubuhi. Leo naona alikuwa na haki, ingawa angeweza kuyasema taratibu zaidi, na nadhani mwenyewe alijua, kwa sababu aliketi akaangalia pembeni.

"Tuikague na nini sasa?" niliuliza.

"Maji," alisema. "Maji haina shamba, haina duka. Lita moja ni kilo moja, Busia na Kampala."

Nilileta mtungi wa plastiki. Nikautundika mtupu kwanza, nikaona mshale haujitikisi hata kidogo, ni mwepesi mno. Kisha nikajaza lita saba kwa chupa ya lita moja, bibi yako akihesabu kwa sauti ili nisikosee. Nikauning'iniza tena kwenye mizani, nayo mizani kwenye mti wa paa la ghala.

Mshale ulisimama kabla ya sita.

Niliuteremsha mtungi, nikautundika tena. Palepale. Mara ya tatu, palepale.

Fahamu maana yake. Ningevuta hadi mizani ile iseme saba, ningekuwa nimevuta zaidi ya nane. Pengine boliti ingevumilia. Pengine ingekatika, na kesho yake bibi yako angeketi palepale mlangoni akitupia kuku kijiko.

"Nimemuuzia njugu yangu kwa hiyo kitu," bibi yako alisema. "Mavuno na mavuno."

"Inaweza kuwa ni kutu," babu yako alisema. "Mizani ya samaki inakaa kwa maji. Kutu inashika springi."

"Kutu inayojua mahali pa kushika."

"Hujui. Mimi pia sijui."

Mwanangu, hata mimi sijui mpaka leo, na nisingependa uisome habari hii ukamhukumu Mama Amoit. Niliikagua ile mizani, kutu ilikuwepo kweli. Pia ni kweli kwamba aliyezoea kushika njugu kwa mikono yake kila msimu hakosi kuhisi kwamba mizani yake inasoma pungufu. Mambo yote mawili yalikuwa mbele yangu na sikuweza kuchagua.

Nilitaka kwenda kutafuta mizani nyingine. Babu yako akakataa. Akaniuliza kama mshale ulisimama mahali pamoja mara zote tatu. Nikasema ndiyo.

"Basi hiyo ni mizani mzuri," alisema. "Inakosea, lakini haibadilishi. Weka alama mahali maji ilisimama."

Nilikuwa na rangi ya kucha, nyekundu, ambayo baba yako aliniletea kutoka Kampala na nilikuwa naona haya kuipaka mbele ya wakwe. Nikaweka mstari mdogo kwenye uso wa mizani. Nikalegeza boliti zote, nikaanza upya, duru kwa duru, na duru ya mwisho nilivuta kila boliti hadi mshale ufike kwenye rangi yangu. Hakuna boliti iliyolia.

Tulitia mafuta mapya na maji. Injini ikawaka, ikakohoa, ikatulia. Babu yako ndipo alipokuja karibu kwa mara ya kwanza siku ile. Mimi nikarudi nyuma hadi mlangoni. Alishusha ncha moja ya ule mrija juu ya chuma cha injini, ncha nyingine akaiweka sikioni, akafumba macho kama mtu anayeonja. Alihamisha ncha hapa na pale, mrija ukitetemeka pamoja na mkono wake. Nadhani mrija wa mzee haujawahi kupewa kazi kama ile.

"Hakuna mahali inapumua," alisema.

Nikadhani tumemaliza. Nikasema nitaosha mikono, nimtayarishie bibi yako nguo za safari.

"Bado," alisema. "Hiyo ni mimi nasema. Injini haijasema."

Akachukua kiti chake, akamwita jirani amsaidie kukipandisha nyuma ya pikapu, na yeye mwenyewe akapanda. Mbele hawezi kuketi, kwa sababu niko mimi. Akaketi huko nyuma juu ya kiti, mrija mkononi. "Twende mpaka darajani na kurudi," alisema. "Nikigonga mara moja, punguza. Nikigonga mbili, simama."

"Baba, barabara ni mbaya. Ngoja niende peke yangu."

"Kama itatuacha njiani, iniache mimi leo. Isimwache yeye kesho."

Tulipita sokoni hivyo, mwanangu. Watu waliacha kununua. Mtu mmoja alipaza sauti, "Mzee, unapelekwa kuapishwa?" Babu yako alimwinulia mrija kama chifu. Alikuwa anashikilia kiti kwa mkono mwingine kwa nguvu zake zote, niliona kwenye kioo, na kila shimo nililolikuta nililiingia kama ninabeba mayai.

Tulirudi. Maji hayakupungua, mafuta yalibaki safi. Injini ilipopoa alinifanya nikaze boliti zote tena hadi kwenye rangi nyekundu, kwa sababu gaskiti mpya hukaa chini kidogo ikishapata moto. Baada ya hapo ndipo aliposema, "Sasa kesho mpakie mke wangu."

Kesho yake nilimfikisha Alupe asubuhi. Walipomfungua kitambaa, baada ya kutibiwa, nilikuwa nimesimama kando ya kitanda na alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe wewe ni mwembamba hivi. Kwa sauti nilidhani una mwili." Nje alitazama pikapu. "Hii ni ya kijani? Miaka yote nimekuwa napanda gari ya bluu."

Mizani niliirudisha nikiwa nimeifuta grisi, lakini ile rangi sikuifuta. Niliwaza sana kuhusu hilo. Nikiifuta, ningekuwa nimemficha rafiki yangu jambo. Nikisema neno, ningekuwa nimemhukumu. Mama Amoit aliigeuza, akaona.

"Hii nyekundu ni ya nini?"

"Hapo ndipo maji lita saba yalisimama," nilisema.

Aliniuliza bibi ameonaje, nikamweleza, akafurahi, na alifurahi kweli. Siku ya soko iliyofuata alikuwa na mizani nyingine. Sikumuuliza, hakunieleza. Tulibaki marafiki hadi alipohamia upande wa pili wa mpaka, na kwenye msiba wa babu yako alikuja akapika nasi siku zote.

Basi jibu langu ni hili, na ningepaswa kukupa jana. Mizani itafaa. Kutumia kitu kimoja badala ya kingine si aibu wala si ujinga, nusu ya nyumba hii imejengwa hivyo. Lakini ile mizani yako mpya ya Malaba hujui inasema nini. Usiiamini kwa sababu ni mpya, wala kwa sababu nambari zake zinawaka. Itundikie maji kwanza, ukirudia mpaka uone inasimama palepale. Ikikosea bila kubadilika, weka alama ufanye kazi. Ikisema hivi sasa na vile baadaye, iweke chini, hata kama Jumamosi imefika. Tafuta hesabu ya injini yako, si ya jirani. Boliti ikilia, acha mkono, hata kama uko peke yako na hakuna wa kukuambia simama. Na ukimaliza, kabla hujawapakia wajukuu wangu, panda mwenyewe, uende hadi darajani na kurudi. Wajomba wa Khunyangu watangoja. Mimi pia nimewangoja mara nyingi.

Kuhusu watu, sijui kama nina haki ya kukushauri. Nadhani ni vivyo hivyo, ila watu hawatundikiwi mtungi. Uwaulize mapema, kwa upole, na ukijua anakosea wapi, bado unaweza kuishi naye.

Mungu akutunzie mikono yako isitetemeke mapema. Akupe mtu wa kukuuliza swali gumu wakati boliti haijakatika, na akupe moyo wa kutomchukia akikuuliza. Uwashe gari hilo, liwake, na kila utakayempakia ndani yake umteremshe anakokwenda akiwa mzima.